Jina la Baba Mkwe

Mjukuu wangu anayefanya kazi ng'ambo hupenda kunionyesha picha za vyumba anamosubiria ndege. Viti vya ngozi, matunda yaliyokatwa, watu wazima waliovua viatu wakalala mchana kweupe. "Bibi, humu ni mwa watu wa klasi ya kwanza tu," huniambia, kwa sauti ya mtu anayenifungulia mlango wa mbinguni. Mimi hutazama, nikasema ni pazuri, nikamrudishia simu yake. Sijawahi kumwambia kwamba niliketi katika chumba cha namna hiyo kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba sikutamani kukiona tena. Niliketi humo na viatu vya kuazima, haja ndogo imenibana, kapu la ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, miguuni, na mume wangu anakufa mbali.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Tulikaa Uvira, Mulongwe, karibu na mto, mahali ambapo kila mvua kubwa unahesabu kuku wako upya. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kampuni iliyonunua pamba ya uwanda wa Ruzizi. Kampuni ilimpeleka Ubelgiji ajifunze mashine mpya, na baridi ya huko ikampata vibaya, ikaingia kifuani. Habari aliileta meneja mwenyewe, Mzungu ambaye hakuwahi kushuka garini alipopita mtaani kwetu. Siku hiyo alishuka, akavua kofia, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo.

Mapafu yamejaa maji, alisema. Mgonjwa anamwita mkewe mchana na usiku. Kama nataka kumkuta hai, niondoke juma hili, kwa sababu ndege inayofuata ni ya juma lijalo na madaktari hawaahidi juma lijalo. Viti vya kawaida vimejaa vyote. Kimebaki kimoja cha mbele, cha klasi ya kwanza, na kampuni italipa. Alilitaja lile neno klasi kwa uchungu kidogo, nikaona kwamba hata yeye hajawahi kukaa huko.

Sasa lazima niseme habari za jina, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Mimi ni Murundi wa uwandani, binti wa wakulima, niliyeolewa kwa wavuvi wa Uvira. Kabla sijaolewa mama yangu alinifunza mengi, na mengine nimeyatupa bila majuto. Moja halikutupika. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji mbele yake, hataji nyuma yake, hataji kwa utani wala kwa hasira. Likiitwa na mtu mwingine, unainamisha macho kana kwamba hukusikia. Unamwita databukwe, baba mkwe, basi. Na kwa kuwa jina la databukwe wangu lilifanana na neno moja la kawaida la shambani, hata neno hilo nililikwepa, nikawa nalizunguka kwa mbali ninapozungumza, na mawifi zangu wakicheka usemi wangu wenye mashimo.

Watu wa ziwani nao walikuwa na heshima zao za ukweni, lakini mama mkwe wangu alilishika hili la kwetu kwa nguvu kuliko mama yangu mwenyewe. Labda lilimfurahisha kupata mkwe mwenye adabu za ziada. Siku tuliyopata habari alinivuta nyuma ya jiko akanishika kidevu.

"Mutoto yetu iko katikati ya uzima na kufa," aliniambia. "Linda mudomo yako. Jina ya baba iko lupango ya mutoto. Weye ukiitaja sasa, unabomoa lupango, na kile kinamutafuta kitaingia."

Lupango ni uzio wa nyumba. Niliamini. Watu waliosoma hupenda kusema kwamba waliamini nusu nusu, kwamba moyoni walikuwa na shaka. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka kutarizi maua kwenye vitambaa vya meza, na niliamini yote, kama nilivyoamini kwamba moto unachoma.

Taabu ililetwa na Wazungu na makaratasi yao. Walipomwandikia mume wangu kitambulisho, waliweka jina la ubatizo mbele na la baba yake nyuma, kama wanavyofanya kwao. Tulipofunga ndoa kanisani na mimi nikabandikwa lile lile. Kwenye karatasi, basi, nilikuwa nikitembea na jina ambalo mdomo wangu haukuruhusiwa kulibeba. Halikunisumbua. Mtaani niliitwa kwa jina la kifungua mimba wangu, na penye ofisi mume wangu ndiye aliyesema. Hata pasipoti niliyotengenezewa haraka haraka, meneja ndiye aliyejibu maswali yote, nami nikakaa kwenye benchi nikiitazama sakafu.

Siku ya safari kampuni ilileta kamyoneti, gari dogo la mizigo. Databukwe alikuwa amekwisha kuvaa koti aliloazima kwa katekista, mikono yake ikiishia kabla ya vifundo. Alikuwa mvuvi maisha yake yote, mtu mrefu asiye na maneno, na koti lile lilimfanya aonekane kama aliyekamatwa. Hatukuwahi kuzungumza ana kwa ana, mimi na yeye. Alipotaka kupita uani alikohoa kwanza, nami nikasogea pembeni, na kama ana neno nami alilipitisha kwa mtu mwingine hata kama mtu huyo ni mtoto asiyejua kusema vizuri.

"Muambie mukamwana wangu akae mbele," alimwambia dereva. Mukamwana ni mke wa mwana. "Upepo ya nyuma hapana yake."

Nikamwambia dereva amwambie kwamba haiwezekani, mzee hawezi kukaa nyuma mimi nikiwa kwenye kiti. Dereva akatutazama, huyu na yule, tukiwa tumesimama umbali wa mikono miwili. Mzee hakungoja tafsiri. Alipanda nyuma na kapu lake, akakaa juu ya gurudumu la akiba, akaushika ukingo. Njia nzima, Kavimvira, daraja la Ruzizi, Gatumba, nilikuwa nageuka kuangalia kofia yake katika kidirisha, na kila nikigeuka nilimkuta amegeukia ziwani ili tusitazamane.

Kapu lile lilikuwa la ndagala. Alizivua mwenyewe, akazianika mwenyewe mchangani, akafukuza kuku mwenyewe, kazi ambayo mwanaume wa umri wake haifanyi. Alimtuma mama mkwe aniambie: mtoto akisikia harufu ya ndagala atakumbuka kwao, atataka kurudi. Ndiyo dawa aliyokuwa nayo.

Uwanja wa ndege wa Usumbura ulikuwa ng'ambo ya uwanda, upande wa Burundi, lakini wakati ule Mbelgiji alikuwa mmoja kotekote. Karani mlangoni alichukua pasipoti yangu na tikiti, akasoma, akasoma tena, akanitazama toka kitambaa cha kichwa hadi viatu. Kisha akaziweka juu ya fungu la pasipoti nyingine na kunionyesha mlango wa salo, chumba cha kungojea cha klasi ya kwanza. Databukwe alipotaka kunifuata na kapu, karani alimnyooshea mkono.

"Huyu hapana."

Mzee akaliweka kapu chini kati yetu, akarudi nyuma hatua chache ili niweze kuliokota bila kumkaribia. Kisha akaenda kusimama nje, kwenye ukuta mfupi, pamoja na wapagazi na madereva.

Nitaeleza ile salo, maana mjukuu wangu angependa kujua. Sakafu iling'aa kiasi kwamba niliogopa kukanyaga. Viti vilikuwa vya chini mno, vya kukuzamisha, na kila kimoja kilionekana ni cha mtu hata kama hakuna mtu. Palikuwa na meza ya chupa na barafu, mikate midogo iliyokatwa pembe tatu, magazeti ya picha, moshi wa sigara nene, mabibi wenye glavu katika joto la Usumbura. Walikuwa wakizungumza nilipoingia. Hawakunyamaza kabisa, walipunguza tu, nami ningependelea wanyamaze. Nilikwenda kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha kwa sababu kupitia kioo nilimwona databukwe. Aliponiona akageuka mara moja akasimama ubavu, kwa heshima, akabaki hivyo muda wote.

Mtumishi aliyevaa nguo nyeupe, miguu mitupu, akaniletea sinia la glasi. Nikatikisa kichwa. Sikujua kama watu hulipa.

"Ni ya bure, dada," alinong'ona kwa Kirundi.

Niliona aibu ya kumbishia Murundi mwenzangu, nikaichukua glasi ya maji ya machungwa na kuimaliza kwa pumzi moja, baridi ikaniuma meno. Baadaye nikajuta. Kulikuwa na mlango ulioandikwa kwa Kifaransa kwamba ni wa mabibi, na nilijua kusoma, ila sikujua kama ndiye mimi bibi aliyekusudiwa. Nikakaa nimebana magoti. Kila mtu aliyeinuka nilidhani anakuja kuniondoa.

Halafu ndagala zikaanza kujitangaza. Kwetu Uvira harufu ile hata huisikii, ni hewa yenyewe. Katika salo ilikuwa mgeni aliyeingia bila kubisha. Bibi mmoja alinusa, akaangalia chini ya kiti chake, akanusa tena, akasogeza kiti. Mwingine akaweka kitambaa puani. Nikalivuta kapu chini ya sketi yangu, na kulivuta kukazidisha mambo. Yule bibi alimwita mtumishi akamwambia neno kali, na mtumishi akalitazama kapu, akanitazama mimi, akaenda kufungua madirisha yote, vioo wazi kabisa mpaka ukutani. Upepo wa ziwa ukaingia. Databukwe alikuwa karibu sasa kiasi kwamba nilisikia alivyokohoa.

Ndipo ofisa akaingia na fungu la pasipoti. Alikuwa Mbelgiji mwekundu wa shingo, mwenye haraka, akasimama kwenye mlango unaotokea uwanjani. Utaratibu ulikuwa hivi: anaita jina lote, mtu anainuka, analirudia jina lake kwa mdomo wake, anapewa pasipoti, anatoka kwenda kupanda. Watu walikuwa wakifanya hivyo bila hata kufikiri, wengine bila kutoa sigara mdomoni.

Aliita jina langu la ubatizo, kisha akaita lile jingine.

Ulimi wake ulilipinda, lakini lilikuwa lenyewe. Na mimi niliinamisha macho. Sikuamua. Shingo ilifanya yenyewe kile ilichofundishwa, nikawa natazama viatu vya kuazima kana kwamba ameitwa mtu wa nyumba nyingine. Aliita mara ya pili kwa sauti zaidi. Sikuinua uso. Nilimsikia akisonya, na pasipoti yangu ikaenda chini ya fungu. Sijui mwanamke mwingine wa klasi ya kwanza aliyewahi kukosa ndege kwa adabu, lakini mimi nilikuwa njiani kuwa wa kwanza.

Wote wakaisha. Mabibi, mabwana, glavu, sigara. Salo ikabaki na mimi, ofisa, na mtumishi anayekusanya glasi. Ofisa alikuwa na pasipoti moja mkononi.

"Weye iko nani?" aliuliza kwa Kiswahili chao cha amri.

Nilisema jina langu la ubatizo.

"Jina ya pili?"

Niliinamisha macho tena.

"Jina ya bwana yako, basi!"

"Baba wa mtoto wangu," nilisema, na najua sasa jinsi lilivyosikika.

Alifungua pasipoti akailinganisha picha na uso wangu. Pichani nilikuwa nimesuka nywele. Siku hiyo nilikuwa nimefunga kitambaa. Akasema picha hii si yangu. Akasema anajua mambo haya, mtu anampa mwingine tikiti yake, na kwamba hajawahi kuona mwanamke wa klasi ya kwanza asiyejua jina lake mwenyewe. Nje injini ya kwanza ikakohoa, ikashika. Kioo kimoja kikaanza kutetemeka kwenye fremu yake.

Nikaomba kalamu kwa ishara. Mama hakuwahi kusema lolote kuhusu kuandika. Mama hakujua kuandika. Ofisa akacheka bila furaha.

"Mimi hapana uliza mukono. Mimi nauliza mudomo."

Mtumishi alikuja karibu na sinia lake kama anayefuta meza. "Liseme tu, dada," alininong'oneza. "Hapa nani anakujua?"

Nilitazama dirishani. Alifuata macho yangu, akamwona mzee aliyesimama ubavu kwenye ukuta, na koti lake fupi, na kofia mkononi. Akaelewa. Alikuwa Murundi, nadhani alikuwa na mke nyumbani. Alijaribu, nampa heshima yake: alimwambia ofisa kwamba kwetu mwanamke hawezi, kuna jina ambalo hawezi. Ofisa akamwambia kazi yake ni glasi. Injini ya pili ikaanza.

Hasira ikanipanda, na ilikuwa afadhali kuliko woga. Nilimkasirikia ofisa. Nilimkasirikia padri aliyetubandika jina bila kuuliza. Nilimkasirikia mama mkwe na lupango lake, na mama yangu ambaye katika mafunzo yote hakufikiria siku kama hii, na mume wangu aliyekwenda kufuata mashine mpaka kwenye baridi wakati za zamani zilikuwa bado zinazunguka. Nikiondoka hapa nirudi Mulongwe, atakufa akiniita. Nikilitaja, nimefungua uzio kwa mkono wangu na atakufa kwa sababu yangu. Kote kote ni kifo. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba kwenye njia moja huenda ningemwona kwanza. Nilitaka kumwona. Sikuwa na sababu nyingine, na nisingeweza kuitetea mbele ya mama mkwe.

Nikalitaja, kwa sauti ya kumwambia mtu siri.

"Nguvu!" ofisa alisema. "Sisikii!"

Basi nikalipigia kelele. Nilisimama, nikalitoa lote, kwa sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali majini. Mtumishi aliinamisha uso.

"Niko!"

Sauti ilitoka dirishani. Databukwe alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia nyumbani kwake alinitazama usoni, mkono wake umeinuliwa juu, mkono wa koti umepanda hadi kiwiko.

"Niko hapa! Minye huyu!"

Ofisa aliduwaa. Akaenda dirishani. "Weye nani tena?"

Mzee akalisema jina lake mwenyewe, polepole, kila kipande mahali pake, kama mtu anayenyoosha kitu kilichopindwa. Akachomoa kitambulisho chake ndani ya koti na kukipitisha juu ya kizingiti cha dirisha. Ofisa alikisoma, akasoma pasipoti, akasoma tena kitambulisho.

"Huyu mwanamuke iko nani yako?"

"Muke ya mutoto yangu. Mutoto iko anagonjwa kule kwenu. Anaenda kumuona." Akaisogeza kofia kifuani. "Muache aende, bwana. Ile jina iko yangu. Minye nimemupa."

Hakuwa amenipa. Alinipa wakati ule ule, mbele yangu, bila kukohoa kwanza. Nilianza kulia, nikamchukia ofisa zaidi kwa kuniona nikilia. Yeye alinisukumia pasipoti kifuani na kuonyesha mlango. "Kimbia."

Nilikimbia. Nilikuwa nusu ya njia, upepo wa injini ukinivua kitambaa, niliposikia sauti ile ya mzee tena, juu ya kelele zote.

"Ndagala! Mukamwana! Unasahau ndagala!"

Mtumishi ndiye aliyekuja mbio nalo, miguu mitupu juu ya lami ya moto, akanitia kapu mkononi chini ya ngazi. Nilipogeuka mlangoni mwa ndege, databukwe alikuwa amesimama ubavu tena, akitazama milima ya Uvira ng'ambo.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Walinipa sahani za kauri na visu vingi, sikula. Hatimaye nilikipata choo, na hilo ndilo jambo jema pekee ninalokumbuka la klasi ya kwanza. Kila tuliposhuka mahali kujaza mafuta nilifikiri, sasa amekwisha kufa, alikufa pale pale nilipopiga kelele, na ninachoendea ni maiti. Nilijaribu kusali nikashindwa, kwa sababu kila sala ilitaka majina ya watu.

Hospitalini muuguzi alinitangulia ukumbini akiuliza wenzake kitanda kiko wapi, na alikuwa akiuliza kwa jina lile. Wote walilijua. Walilitaja kulia na kushoto, wakiwa na mabeseni, wakicheka, huku mimi nikitembea nimeinamisha macho kutoka mlango hadi mlango, nikingoja kuona kitanda kilichotandikwa upya.

Hakikuwa kimetandikwa. Kulikuwa na mtu ndani yake, mwembamba, macho yamefumba, mrija ubavuni. Sikuthubutu kumgusa. Niliweka kapu sakafuni, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, nikatazama shuka kama inapanda na kushuka. Ilikuwa ikipanda.

"Nani iko anakausha ndagala?" akauliza, macho yakiwa bado yamefumba.

Ilichukua majira mazima ya baridi kumrudisha sawa, na sawa kabisa hakurudi. Aliondoka pale na kikohozi alichokaa nacho hadi uzee wake. Tulirudi kwa viti vya kawaida, tumebanana na watu wenye vikapu, na mimi sikuwahi kusafiri vizuri kuliko siku ile.

Nyumbani Mulongwe walitupokea kwa vigelegele na kilio, yote pamoja. Mama mkwe alimpapasa mwanawe mbavu moja moja. Hakuniuliza habari za mdomo wangu, nami niligundua kwamba hajui. Databukwe hakuwa amemwambia. Yeye alimshika mwanawe mkono, akamtazama, akaenda kukaa pembeni ya ua mahali pake, ubavu, kama kawaida. Nikadhani yamekwisha. Nikadhani tumekubaliana kwamba halikutokea, na nikaona ni sawa, ingawa nilikuwa na neno kooni kwa miezi yote ile na sikujua nilipeleke wapi.

Jioni, watu walipopungua, nikiwa napitisha maji ya kunawa, nilimsikia akikohoa. Nikasogea pembeni ili apite. Hakupita.

"Mukamwana."

Nikatafuta mtu wa kupitishia maneno. Palikuwa na mume wangu tu, amejifunika blanketi kwenye kiti kati yetu, naye alikuwa anasinzia.

"Siku ile kule mu ndege," alisema mzee, akiutazama mto, "uliniita. Minye nikaitika. Ndege ikakubeba kabla hujasema ulikuwa unataka nini."

Nikaliweka beseni chini. Ingekuwa rahisi kunyamaza, na adabu ilinitaka ninyamaze. Nikaweka mkono juu ya bega la mume wangu, juu ya blanketi, nikasikia mifupa yake na joto lake.

"Huyu, databukwe," nilisema. "Nilikuwa nataka huyu."